Dinari za Warumi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sarafu za fedha na picha zake

Maswali haya nimeyapata kwa kuulizwa. Kila ninapoitoa dinari yangu moja na kuiweka mezani yanakuja yale yale, karibu kwa mpangilio ule ule. Ni ya Antoninus Pius, aliyetawala kuanzia 138 hadi 161 BK. Pua imelika, herufi tatu hazisomeki, na mtu wa kwanza kuishika huwa anasema, "Mbona ndogo hivi?" Mgeni kabisa aanze mwanzo, anayejua asomee anapotaka.

## Mambo ya mwanzo

1. Dinari ni nini hasa?

Ni sarafu ya fedha ya Roma. Ilianza kufuliwa mnamo mwaka 211 KK, katikati ya vita na Hannibal, jemadari wa Karthago, hazina ikiwa imekauka na sarafu za zamani zimepoteza heshima sokoni. Baada ya hapo ndiyo iliyobeba mishahara, kodi na biashara ya Warumi kwa zaidi ya miaka 400. Upana wake ni milimita 18 au 19, kama ukucha wa kidole gumba. Mwanzoni ilikuwa na gramu 4.5 hivi, na muda si mrefu ikateremka hadi karibu 3.9.

Jina linatokana na neno la Kilatini *deni*, maana yake "kumi kumi", wala halina undugu na deni la dukani. Dinari moja ilikuwa sawa na *as* kumi za shaba, ndiyo maana zile za mwanzo zina alama ya X nyuma ya kichwa. Mnamo 141 KK ikapandishwa thamani kuwa *as* 16, lakini jina likabaki lile lile la kumi.

2. Neno "dinari" limefikaje kwenye Kiswahili?

Kwa safari ndefu: Kilatini *denarius*, Kigiriki *denarion*, Kiarabu *dinar*, kisha kwetu. Njiani likabadilisha madini, kwa kuwa dinari ya Waarabu ilikuwa ya dhahabu, na ya fedha ikaitwa dirhamu, jina lililotokana na drakma ya Wagiriki.

Neno "fedha" nalo lina faida yake hapa. Kwetu ni madini na ni pesa pia, na Mrumi wa zama za Augustus, kaisari wa kwanza, asingeona ajabu. Mchanganyiko huo ndio utakaoleta balaa kwenye swali la 11.

3. Dinari ya kwenye Biblia ndiyo hii hii?

Ndiyo. Vibarua wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20 wanapatana dinari moja kwa kutwa, na Yesu anapoulizwa habari ya kodi ya Kaisari analetewa dinari. Wengi wanaamini kuwa ile ya kodi ilikuwa ya Tiberius, aliyekuwa akitawala wakati huo. Upande mmoja una kichwa chake na maandishi TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS, yaani "Tiberius Kaisari Augustus, mwana wa Augustus aliye mungu". Upande wa pili mwanamke ameketi, fimbo ya enzi mkono mmoja na tawi mkono wa pili, pembeni pameandikwa PONTIF MAXIM, kuhani mkuu.

Ukishayasoma maandishi hayo, swali la "ni ya nani sanamu hii" linakuwa zito zaidi. Myahudi mcha Mungu alikuwa amebeba mfukoni kipande cha fedha kinachomtangaza binadamu kuwa mwana wa mungu.

Kuhusu vipande thelathini vya Yuda, tazama swali la 15.

4. Dinari moja ilinunua nini?

Askari wa kikosi cha Kirumi chini ya Augustus alilipwa dinari 225 kwa mwaka, na chakula chake kilikatwa humo humo. Domitian akapandisha hadi 300. Kwa mlaji wa kawaida ushahidi ninaoupenda ni tangazo lililochorwa ukutani kwenye kilabu kimoja cha Pompeii: kwa *as* moja unakunywa, kwa mbili unakunywa kizuri, kwa nne unakunywa divai ya Falerno. Kwa hiyo dinari moja, yaani *as* 16, ilitosha watu wanne kunywa ile bora kabisa, glasi moja moja.

5. Zilifuliwaje bila mashine?

Kwa nyundo. Kipande cha fedha kilichokatwa kwa uzito wake kiliwekwa juu ya muhuri wa kwanza uliochimbiwa kwenye fuawe. Muhuri wa pili ukashikwa juu yake, nyundo ikashuka. Picha zote mbili zikatokea kwa pigo hilo moja. Fundi akiteleza kidogo, kichwa kinakaa pembeni na nusu ya maandishi inabaki nje. Dinari yangu ni ya namna hiyo: upande wa nyuma umesogea kushoto, na ukingoni pamechanika ufa mwembamba mahali fedha iliposhindwa kuhimili pigo.

Mwaka 46 KK ofisa mmoja wa sarafu, T. Carisius, aliamua kuonyesha kazi yenyewe. Mbele aliweka kichwa cha mungu mke Moneta, nyuma akapanga fuawe, koleo na nyundo. Karakana ilikuwa jirani na hekalu la Juno Moneta kwenye kilima cha Capitolium, na kutoka kwa jina hilo lugha nyingi za Ulaya zimepata neno lao la pesa.

## Picha

6. Nani aliamua sarafu iwe na picha gani?

Inategemea wakati. Dinari za kwanza zilikuwa na picha moja tu: mbele mungu mke Roma akiwa amevaa chapeo yenye mabawa, nyuma mapacha Castor na Pollux juu ya farasi, mikuki mbele, na chini neno ROMA. Ilikuwa sarafu ya dola, basi.

Kisha wakaja vijana. Usimamizi wa sarafu uliwekwa mikononi mwa maofisa watatu, na cheo chao kinasomeka kwenye baadhi ya dinari kama III VIR AAAFF: watu watatu wa kuyeyusha na kufua dhahabu, fedha na shaba. Walikuwa watoto wa familia kubwa mwanzoni mwa njia ya siasa, wenye njaa ya kura. Taratibu picha zikageuka majigambo ya ukoo. Wa ukoo wa Caecilius Metellus aliweka kichwa cha tembo, kwa kuwa babu yao aliwashinda Wakarthage huko Panormus, Sicilia, mwaka 250 KK na kuwateka tembo wao. Zaidi ya miaka mia imepita na wajukuu bado wanakula jina la babu. Nani hajawahi kuona bango la uchaguzi la namna hiyo?

Enzi za makaisari sauti ikawa moja. Mbele ni kichwa cha mtawala au cha mtu wa nyumbani kwake, nyuma ni lile ambalo utawala unataka usikike.

7. Kwa nini sura ya Julius Caesar ilizua balaa?

Kwa sababu alikuwa hai. Miungu sawa, mababu waliokufa sawa, lakini mtu aliye hai kuwekwa kwenye dinari za Roma yenyewe halikuwahi kutokea kabla ya mwanzo wa mwaka 44 KK. Uso wake ni wa mtu aliyechoka: shingo ndefu yenye mikunjo, mashavu yamebonyea, shada la majani kichwani. Moja ya dinari hizo inasema CAESAR DICT PERPETVO, dikteta wa maisha. Tarehe 15 Machi mwaka huo huo akachomwa visu.

Wasomaji wa Kenya wataielewa hofu hiyo kuliko wengi. Katiba ya 2010 inakataza noti na sarafu kuwa na sura ya mtu yeyote, na sarafu zilizotoka 2018 zina twiga, kifaru, simba na tembo mahali palipokuwa na marais. Warumi nao walijua kuwa kichwa kwenye pesa ni madai ya umiliki. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na kifungu cha katiba; walikuwa na majambia.

8. Ile yenye majambia mawili inahusu nini?

Ni ya Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, iliyofuliwa mwaka 43 au 42 KK akiwa safarini na jeshi lake upande wa mashariki. Nyuma kuna kofia kati ya majambia mawili, na chini EID MAR, yaani Idi za Machi, jina la Kirumi la tarehe 15 Machi. Kofia hiyo ndiyo aliyovaa mtumwa siku ya kuachiwa huru. Ujumbe hauhitaji mkalimani: tumewapa uhuru kwa hizi.

Ila geuza upande wa pili. Aliyemuua Caesar kwa kujifanya mfalme ameweka hapo kichwa chake mwenyewe, akiwa hai. Mwanahistoria Cassius Dio aliitaja sarafu hii zaidi ya miaka 200 baadaye, kwa hiyo watu hawakuisahau. Bei yake iko swali la 17.

9. Wanyama wa Kiafrika wanaonekana kwenye sarafu hizi?

Wamejaa, na karibu kila mmoja ana kazi ya siasa. Tembo wa Julius Caesar, wa mwaka 49 KK, anamkanyaga nyoka au joka, na chini yake kuna neno moja tu: CAESAR. Sarafu hizo zilifuliwa kwa wingi kulipa jeshi lililovuka naye mto Rubicon. Mamba ni wa Augustus, na juu na chini yake pameandikwa AEGVPTO CAPTA, Misri imetekwa. Tembo mwingine, mwenye vazi la vita, ni wa Titus, mwaka 80, mwaka wa kufunguliwa kwa uwanja wa Colosseum.

Kiboko anakuja mwaka 248, Roma ilipotimiza miaka 1000. Kaisari Philip aliandaa michezo ya wanyama na kutoa sarafu za simba, swala na wengineo. Kiboko akaangukia kwenye sarafu za mkewe, Otacilia Severa. Mnyama amesimama mnene, miguu mifupi, mdomo wazi, na ukimwona unaamini kwamba mchongaji alikuwa amemwona kiboko mzima kwa macho yake.

10. Herufi zote hizo zinasomwaje?

Kwanza jua kuwa U iliandikwa V na kwamba hawakuacha nafasi kati ya maneno. Kisha jifunze vifupisho kumi hivi, na sarafu nyingi zitafunguka. Chukua hii ya Trajan:

IMP TRAIANO AVG GER DAC P M TR P COS V P P

Yaani, kwa Imperator Trajan Augustus, mshindi wa Wajerumani, mshindi wa Wadaki, kuhani mkuu (P M), mwenye mamlaka ya tribuni (TR P), konsuli mara ya tano (COS V), Baba wa Taifa (P P). Naam, Baba wa Taifa, neno kwa neno, na lilikuwa limezeeka hata kwa Trajan.

Namba ndizo zinazotoa mwaka. Trajan alikuwa konsuli mara ya tano mwaka 103 na mara ya sita mwaka 112, basi sarafu hii ni ya kati ya miaka hiyo. TR P ikiwa na namba ni bora zaidi, kwa kuwa ilihuishwa kila mwaka.

Wale wanawake wa upande wa nyuma si wake za kaisari. Ni sifa zilizovikwa mwili wa mtu, na utawatambua kwa walichoshika: mizani na pembe iliyojaa mavuno ni Moneta au Aequitas, haki ya vipimo, tawi ni Pax, amani, bakuli la kumlisha nyoka ni Salus, afya. Ushauri wangu ni kuzisoma kinyume. Kaisari Nerva alitoa CONCORDIA EXERCITVVM, umoja wa majeshi, mikono miwili ikishikana, na mwaka 97 walinzi wake mwenyewe wakamzingira kwenye jumba lake. Concordia ilitajwa pia kwenye sarafu za wakati Caracalla na mdogo wake Geta wakitawala pamoja. Mnamo Desemba 211 Caracalla akaagiza Geta auawe, naye akafia mikononi mwa mama yao. Sarafu inapopiga kelele juu ya jambo fulani, mara nyingi ndilo linalokosekana.

## Fedha yenyewe

11. Je, zilikuwa fedha tupu?

Mwanzo, karibu tupu. Madini mengi yalitoka Hispania. Polybius aliandika kuwa migodi ya karibu na Carthago Nova peke yake ilikuwa na wafanyakazi 40,000.

Kushuka kulikwenda hatua kwa hatua, na kila hatua ina jina la mtu. Mark Antony, kabla ya kupambana na Octavian (ndiye Augustus wa baadaye) huko Actium mwaka 31 KK, alilipa vikosi vyake dinari zenye merikebu ya makasia mbele na tai wa kikosi nyuma, fedha yake hafifu kuliko kawaida. Watu waliijua hila hiyo, hivyo nzuri wakazificha na za Antony wakazitumia, zikaendelea kuzunguka kwa zaidi ya miaka 200 hadi picha ikafutika. Nero mwaka 64 alikata uzito: ratili moja ya Kirumi iliyotoa dinari 84 sasa ikatoa 96, na shaba ikaongezwa ndani. Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alihitaji kulipa majeshi, akaifikisha karibu nusu kwa nusu. Ilipofika mwishoni mwa utawala wa Gallienus, miaka ya 260, hata sehemu tano katika mia hazikufika. Ilikuwa shaba iliyooshwa kwa fedha juu, na rangi ilitoka vidoleni mwa wenye nayo.

Wachongaji waliendelea na kazi kama kawaida muda huo wote. Kuna sarafu za Gallienus zinazosema VBERITAS, neema tele, na ukizikwaruza kidogo unaona wekundu wa shaba.

12. Kwa nini baadhi ya vichwa vina taji lenye miale kama jua?

Ni alama ya thamani: hii si dinari moja, ni mbili. Caracalla aliianzisha mwaka 215, na wapenzi wa sarafu leo huiita antoninianus. Fedha iliyomo ilikuwa ya dinari moja na nusu tu, kwa hiyo nusu nyingine serikali iliwapunja wananchi. Kwa malkia miale haikutumika. Yeye huwekwa juu ya hilali.

13. Warumi wenyewe walighushi?

Sana. Njia iliyozoeleka ilikuwa kuvika kipande cha shaba ngozi nyembamba ya fedha, kisha kukipiga muhuri. Ndiyo maana dinari nyingi za Jamhuri, yaani kabla ya makaisari, zina vidonda vya patasi au alama ndogo ndogo usoni, zilizowekwa na wabadili fedha waliotaka kuona ndani. Ziko pia zenye ukingo wa meno kama msumeno, na mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anasema Wajerumani walizipendelea hizo pamoja na zile zenye gari la farasi wawili.

## Maswali ya pembeni

14. Dinari zilifika Pwani ya Afrika Mashariki?

Biashara ilifika. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 BK, unaojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea, unaitaja bandari ya Rhapta kwenye pwani iliyoitwa Azania, ambayo ni pwani yetu. Lakini tazama orodha ya bidhaa zilizoletwa: mikuki iliyotengenezwa Muza huko Yemeni, mashoka, visu, shazia na vioo, na mahali pengine divai na ngano za kuwafurahisha wenyeji. Zilizotoka ni pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Sarafu hazimo. Kwa bandari ya Malao, pwani ya Somalia, kitabu hicho hicho kinataja dinari za dhahabu na za fedha, ila si nyingi.

Zilikokwenda kwa wingi ni India, kufuata pilipili. Mwandishi wa Kirumi Plinius alilalamika kuwa India inanyonya sesterti milioni 50 kila mwaka, sawa na dinari milioni 12.5, na dinari za Augustus na Tiberius zimefukuliwa huko kwa vyungu. Ukitaka sarafu za Kiafrika za zama zile, tazama Aksum, ufalme wa kale wa upande wa Ethiopia ya leo: wafalme wake walianza kufua zao wenyewe, za dhahabu, fedha na shaba, katika karne ya 3.

Kwa anayeuliza kuhusu dinari ya Hadrian yenye neno AFRICA na mwanamke aliyevaa ngozi ya kichwa cha tembo na kushika nge: Afrika hiyo ni jimbo la Kirumi la upande wa Tunisia, si bara zima.

15. Vipande thelathini vya Yuda vilikuwa dinari?

Inaelekea sivyo. Hekalu la Yerusalemu lilitumia shekeli za Tiro, sarafu nzito za gramu 14 hivi zenye fedha safi. Ajabu ni kwamba zina kichwa cha mungu Melkart na tai, lakini makuhani walizikubali kwa ajili ya ubora wa madini.

16. Nimeonyeshwa dinari inauzwa. Nitajuaje kuwa ni ya kweli?

Ipime kwanza. Gramu mbili au tano ni dalili mbaya. Kisha tazama ukingo kwa kioo cha kukuzia: sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu huacha mshono na vitobo vidogo vya hewa, ile ya nyundo huwa na nyufa. Mimi niliuziwa moja ya Hadrian yenye mkwaruzo mzuri wa kale shavuni. Miezi miwili baadaye nikaiona nyingine mtandaoni, yenye mkwaruzo ule ule, mahali pale pale. Nimeiweka. Inafundisha kuliko ya kweli.

Na ukiipata ya kweli, usiisugue kwa majivu, dawa ya meno wala limau. Ule weusi umejijenga kwa karne nyingi na ndio unaoonyesha mistari ya picha. Ukiutoa, thamani imeondoka nao.

17. Zinauzwa bei gani, na kuna hatari gani ya kisheria?

Dinari ya kawaida ya Antoninus Pius au Severus iliyochakaa hupatikana kwa makumi ya dola, kwa kuwa zilifuliwa kwa mamilioni. Ya Brutus ni habari nyingine. Moja yake ya dhahabu iliuzwa London mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni nne, kisha ikagundulika kuwa historia yake ya umiliki ilikuwa ya kughushi. Waendesha mashtaka wa New York waliichukua, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki.

Kwa hiyo uliza karatasi hata kwa sarafu ya bei ndogo: ilitoka wapi, lini, kwa mkono wa nani. Muuzaji akianza kusema "ilikuwa ya babu yangu" bila kitu cha kuonyesha, mwachie babu sarafu yake.